Mchanga wa Uvira: mawe yatangulie saruji

Wachimbaji wa Kamituga na Misisi, wakipata franga kidogo, wengi wananunua parseli Uvira, chini kando ya ziwa. Ni pale mama na watoto wanabaki. Siye wa sendika tunauliza: ile nyumba imesimama juu ya nini?

Imesimama juu ya mchanga ulioletwa na mito toka milimani, na maji yako karibu sana chini yake. Ziwa lilipopanda 2021, na tena 2024, tuliyaona mpaka ndani ya nyumba. Tetemeko likitikisa mchanga uliojaa maji, chembe zinaachana, maji yanabeba uzito wote, udongo unakuwa uji. Aliyekanyaga-kanyaga tope la shimoni anajua vile mguu unazama. Kule Niigata, Japani, mwaka 1964, nyumba za etaji zililala ubavu, kuta bado nzima! Na kwetu haiko mbali: tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilipiga ziwa hili hili, likaangusha nyumba Kalemie.

Dawa moja ni nguzo za mawe. Mashine inashusha bomba zito linalotetemeka, mita kumi hivi, halafu kokoto zinamwagwa na kushindiliwa kidogo kidogo mpaka juu. Nguzo zinapangwa karibu karibu, mita mbili ao tatu. Mchanga unabanwa, na siku ya tetemeko maji yanapata njia ya kupanda kati ya mawe. Ni sawa na motopompe yetu: toa maji, shimo litakaa.

Lakini tusidanganyane. Kuchimba kwa beleshi na kutupa mawe ndani si nguzo, mchanga utakuangukia. Na ile mashine haiko ya mfuko wa mchimbaji. Kwa hiyo tunaidai kwa bandari ya Kalundu, hospitali, shule, na kila etaji: Leta ipime udongo kwanza, matokeo yabandikwe watu wasome, ndipo ruhusa itoke. Mawe hayakosekani, milima iko mgongoni.

Wewe mwenye parseli, chimba shimo dogo mbele ya kulipa. Maji yakitokea kwa mita moja, rudisha franga mfukoni. Umekwisha kujenga? Usiongeze etaji, funga kuta kwa mukaba wa beto na vyuma, paa iwe mabati. Kukimbilia kando ya mto nako hapana: waliokuwa Mulongwe Aprili 2020 watakuambia.