Udongo ndio unaua, si nyoka ya shimo

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye kubakia nyumbani mukingojea,

Kila mara shimo inapoanguka, habari inafika mu kartie mbele ya maiti: «Patron alitoa damu. Kule chini iko nyoka yenye kulinda madini, ilipashwa kula kwanza.» Wazee wetu nao walisikia habari za namna hii. Wakati wa Wabeleji, watu wa Élisabethville waliogopa mitumbula, wenye kukamata wenzao usiku, eti nyama yao itiwe mu mikebe na kuuzishwa. Miaka imepita mingi, na hakuna mkebe hata moja ulioonyeshwa.

Sisi wa sendika tunauliza tu: nani aliona? Wapi? Saa ngapi? Juu ya nyoka, jibu ni «wanasema». Juu ya udongo, majibu iko. Sheria inakataza creuseur kushuka kupita metre 30. Mashimo ngapi inapita? Mvua inalegeza udongo, miti ya kushikilia hakuna, hewa inapunguka. Tarehe 27 Juni 2019, karibu ya Kolwezi, watu zaidi ya 40 walikufa kwa kuangukiwa na udongo. Hapo nyoka ilikuwa na kazi gani?

Lakini hatusemi kila mashaka ni bure. Usiku wa 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege ya Dag Hammarskjöld, mukubwa wa ONU, ilianguka karibu ya Ndola. Alikuwa anaenda kuonana na Tshombe juu ya vita vya Katanga. Serikali ya Rhodésie ilisema ni kosa la mwenye kuendesha ndege. Wachoma makala wa pale walisema waliona ndege ingine juu, hawakusadikiwa. Mwaka 2017, mwamuzi Othman wa Tanzania, aliyetumwa na ONU, aliandika kwamba inawezekana ndege ile ilishambuliwa. Mpaka leo neno halijakatwa, lakini linachunguzwa, kwani watu wadogo walisema: sisi wenyewe tuliona, fasi hii, usiku huu.

Nyoka hailipe mjane. Tribunal haiwezi kuiita. Anayepata faida ni yule aliyepashwa kununua miti na hakununua. Hatusemi ni yeye anatunga habari. Ushuhuda wa ile hatuna. Tunasema inamufaa.

Kwa hiyo, shimo ikianguka, andikeni siku ileile: majina ya walioshuka, urefu wa shimo, mwenye kuitoza, kama mvua ilinyesha, kama miti ilikuwamo. Pigeni foto. Mupelekee delegué mbele ya matanga kuisha. Karatasi ile ndiyo itaongea kwa ajili ya watoto, siku patron atakaposema hakumujua baba yao.