Kizungu mingi, bei hakuna

Wasee, leo wacha niseme kitu ambacho kitaudhi walimu wangu wa zamani: ile Kiingereza tulisifiwa nayo shuleni inatunyima kazi.

Mwaka jana kampuni moja ya nje iliniandikia. Walitaka video tatu fupi za bidhaa zao na wakauliza kama nina nafasi. Nilifurahi hadi nikasahau kula. Nikakaa chini, nikaandika barua pepe ya aya tano. Nilifungua na "I hope this email finds you well", katikati nikapanga "esteemed" mara mbili, nikafunga na "kindly revert". Ingekuwa insha, mwalimu angenipigia makofi. Jibu lilikuja mstari mmoja tu: ni pesa ngapi, na zitakuwa tayari lini? Yaani aya tano zote, sikuwa nimetaja bei wala tarehe. Kufika wakati najipanga kujibu, siku mbili baadaye, walishapata mtu mwingine.

Hiyo "revert" yenyewe ni shida. Hapa Nairobi kila ofisi inaitumia kumaanisha "nijibu". Mwingereza ambaye hajazoea ofisi zetu anaielewa kama kurudi kwa hali ya zamani. Wewe unangoja jibu, yeye anajiuliza unataka arudi wapi.

Ukweli usemwe, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE ina swali la uandishi wa kikazi: barua, memo, ripoti. Lakini sisi tulichoshika ni anwani inakaa wapi na sahihi inakaa wapi. Sikumbuki hata siku moja nikiulizwa kama msomaji ameelewa anatakiwa kufanya nini.

Tulichofunzwa vizuri ni aibu. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, vile watoto wa shule za ukoloni waliopatikana wakiongea Kikuyu walichapwa, wengine wakavishwa bamba la chuma shingoni. Sisi tumezaliwa miaka mingi baadaye na bado tulipitishiana diski. Ukiongea lugha ya mama, unabeba. Ukijaribu Kiingereza na ushrabu, darasa lote linakufa kicheko. Sasa mtu kama huyo akue, apate kazi, halafu mnashangaa mbona hasemi kitu kwa mkutano?

Nina rafiki anayejua hesabu za kampuni yao kuliko bosi wake. Kukiwa na mkutano wa mtandaoni na wateja wa nje, anazima maiki na kunyamaza. Anaogopa kushrabu. Mwenzake mwenye lafudhi tamu ndiye husoma slaidi ambazo rafiki yangu amekesha akitengeneza. Mnajua ni nani alipandishwa cheo.

Kuna watakaosema, basi tuongee Kiswahili. Niko nanyi, ndiyo maana naandika hivi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini mteja aliye Berlin hasomi Kiswahili, na landlord hangoji. Tena fikiria hivi: huyo wa Berlin naye amejifunza Kiingereza darasani kama wewe. Ukimrushia maneno mazito, mnapotea wote wawili.

Hata wenye lugha wamechoka nayo. Oktoba 2010, Obama alitia sahihi Plain Writing Act, sheria inayotaka mashirika ya serikali kuu ya Marekani yaandikie wananchi kwa lugha wanayoweza kuielewa. Kama Wamarekani wamelazimishana kwa sheria, sisi tunang'ang'ania "esteemed" ya nini?

Mwalimu wangu wa sasa ni mama mboga wa mtaani kwetu. Nikifika ananiambia, "Umeshindaje, mtoto wangu? Sukuma ni ya ishirini, nikukatie?" Salamu, bidhaa, bei, swali. Hapo barua ya biashara imekamilika.

Kwa hivyo siku hizi nafanya hivi. Kabla ya kuandika, najiuliza kwa Kiswahili: nataka huyu mtu afanye nini? Jibu langu ndilo linakaa juu kabisa, baada ya salamu moja. Tarehe naandika na jina la mwezi, kwa sababu 03/04 kwetu ni tarehe tatu Aprili, lakini kwa Mmarekani ni Machi 4. Saa pia naangalia mara mbili. Ukifikiria "saa tatu asubuhi", ni rahisi mdomo kutoa "three", na mteja anaingia mkutanoni wewe ukiwa umeshatoka. Nataja pia kwamba ni saa za Nairobi. London peke yake tunawatangulia kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi. Na kwa simu, nisiposikia vizuri, naomba arudie, kisha namwandikia tulichokubaliana. Bado hakuna mtu amenicheka kwa hilo.

Unaweza kutumia ChatGPT pia, sikatai. Itakurembea barua, lakini haijui bei yako, na haitaingia kwa mkutano ikuongelee.

Kwa wewe uliyekuwa ukizima maiki: iwashe. Sema sentensi fupi, moja moja. Na wewe unayecheka mtu akishrabu, nyamaza kwanza usikize anasema nini. Huenda ndiye peke yake hapo ndani anajua pesa zinapotelea wapi.