Mcheza Ndiye Mpaji Jina

Wapo wazazi wauonao mchezo wa ubao wa magurudumu kuwa uhuni. Mimi, mwanaisimu, nauona kuwa chemchemi ya maneno. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kijana wa Florida, Alan Gelfand, aliruka na ubao wake bila kuushika kwa mikono. Mruko huo ungali unaitwa ‘ollie’, kutokana na jina lake la utani. Mwaka 2021 mchezo huo uliingia Olimpiki, jijini Tokyo. Hapa Nairobi, makao ya watoto ya Shangilia yalipata uwanja wake mwaka 2013. Viwanja vya namna hiyo viongezwe. Tukiwafukuza watoto wetu barabarani bila kuwapa pa kuchezea, tutaazima hata majina ya miruko. Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa.