Ikulu Isiyo na Mlango wa Mwenye Shauri

Mkaazi wa Rahaleo, mjini Mtwara, asemapo "Ikulu ndogo", mara nyingi hutaja nyumba ambayo hakupata kuvuka kizingiti chake. Na neno lenyewe lilikuwa na mlango mpana. Lilitoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ambao kwao ikulu ilikuwa makao ya mtemi. Na mtemi, wasemavyo wajuzi wa lugha hizo, ni mwenye kutema, yaani kukata mashauri. Mwenye shauri alikwenda huko. Leo jina hilo hubandikwa kwenye nyumba zilizofungwa, na mfano ulio wazi ni Sagana, karibu na Nyeri, nchini Kenya.

Sagana haikuwa nyumba ya mtemi yeyote. Serikali ya kikoloni ilimtunukia Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, alipoolewa mwaka 1947. Zawadi njema! Lakini sheria ya mwaka 1915 ilikuwa imekwisha kuifanya ardhi ya Waafrika kuwa mali ya Mfalme, hivyo mtoaji alitoa asichonunua. Tarehe 6 Februari 1952 Elizabeth aliarifiwa hapo kuwa baba yake amefariki, na tangu siku hiyo wanaoisimulia Sagana huanza na msiba huo, na wengi huishia papo hapo. Tarehe 20 Oktoba mwaka ule ule ikatangazwa hali ya hatari. Wenyeji wa miteremko ile wakafungwa kwa maelfu. Misiba yao haikupewa hata ukumbi katika hadithi ya nyumba hiyo.

Baada ya Uhuru wa 1963 nyumba ikawa ya Serikali ya Kenya, mahali pa Rais kupumzikia. Wako watakaosema kwamba kiongozi naye ni mtu, ahitaji kivuli. Ni kweli, wala hakuna amnyimaye. Ila tarehe 23 Februari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliwakusanya hapo maelfu ya watu wa Mlima Kenya, akawataka wamwunge mkono Raila Odinga. Kumbe ua wa Sagana watosha maelfu! Hao waliitwa wasikilize. Kwa mtemi watu walikwenda wasikilizwe.

Ua uliofunguliwa kwa siasa na ufunguliwe pia kwa wajukuu wa waliofungwa mwaka 1952, waisimulie nyumba hiyo kwa vinywa vyao wenyewe. Na watu wa Rahaleo nao wapewe siku yao Mtwara.