Mawe ya Wazee si Changarawe



Juma lililopita, kiisha somo la istoria, tulibishana sana katika kalasi yetu. Mwalimu alitufundisha juu ya mawe ya Bouar, katika inchi ya jirani, Afrika ya Kati. Kule watu wa zamani walisimamisha mawe makubwa ya graniti katika udongo, mengine yanapita urefu wa mutu mukubwa. Wagbaya wanayaita tajunu, maana yake mawe yaliyosimama. Yana miaka zaidi ya 2000. Bwana Pierre Vidal alichimbua kule, na mwaka 1969 akatoa kitabu juu yake. Mwaka 2006 serikali yao ikayaandikisha kwa UNESCO katika liste ya kungojea.

Basi wamoja kati yetu wakasema: «Ile ni mambo ya wapagani. Ivunjwe tu, itatoa changarawe ya kujengea!» Wengine wakacheka. Sisi hatukucheka, na hatukubali.

Juu gani? Tufungue Biblia. Yakobo alisimamisha jiwe huko Beteli. Yoshua alitosha mawe 12 katika Yordani, kusudi watoto wakiuliza, wazazi wapate kuwaelezea mambo Mungu aliyoyatenda. Samweli naye alisimamisha lake, akaliita Ebenezeri. Basi jiwe kusimama si zambi. Zambi ni kuliinamia.

Tutazame tena Ufaransa, katika jimbo la Bretagne. Kule Saint-Uzec kuna jiwe la namna ile ile. Mwaka 1674 Wakristo hawakulivunja, walichonga musalaba juu yake. Hatusemi tuchonge musalaba kwa kila jiwe, hapana, maana ukiandika juu ya maandiko ya mwingine unafunika yake. Lakini wale angalau waliliacha limesimama, na leo watu wanatoka mbali kulitazama.

Tunajua wasomaji watatujibu: «Ninyi munasema hivi sababu mumekula.» Ni kweli. Huku kwetu tunaona mama na watoto wakivunja mawe kwa nyundo toka asubui mpaka magaribi, wapate feza ya unga. Hatuwahukumu, njaa haijui istoria. Mawe ya kuvunja ni mengi. Tunaomba kitu kimoja tu: mbele ya kupiga nyundo, mutu aulize wazee, «Hili jiwe ni la nani?»

Na wazee wenyewe wanakwenda. Waliosimamisha mawe ya Bouar hawakuacha maandiko, na mpaka leo wenye elimu wanabishana yalikuwa ya kazi gani. Jiwe limebaki, neno lake limekufa. Kwetu isiwe hivyo, sababu sisi tuko na kaye na kalamu.

Kwa hiyo tunapendekeza: konje hii, kila mwanafunzi aende kwa babu ao nyanya yake, aulize juu ya pahali pamoja tu pa kijiji: jiwe, muti, kaburi la mufalme, kivuko cha muto. Aandike jina la pahali na habari yake, bila kuongeza uongo. Wakati wa kurudi, tusome pamoja katika bulletin hii.

Asiyeuliza sasa, kesho atauliza kaburi. Nalo halijibu.