Chuki Haikuanzisha Vita vya Masisi

Imani iliyoenea kuhusu vita vya Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ni kwamba Wahunde, Wanyanga, Wahutu na Watutsi wanachukiana tangu enzi za mababu, na kwamba mioyo ikibadilishwa bunduki zitanyamaza. Imani hiyo ndiyo inayozaa semina za upatanisho, zenye posho ya usafiri, fulana zilizochapwa maneno ya amani na picha ya pamoja mwishoni. Ina makosa mawili. Inadhani mtu hutenda kile anachokihisi, na inadhani chuki ilitangulia ugomvi.

Kosa la kwanza lilifichuliwa zamani. Kati ya 1930 na 1932, mwanasosholojia Richard LaPiere alizunguka Marekani pamoja na mume na mke Wachina, wakati ambapo Wachina walibaguliwa waziwazi. Katika hoteli na migahawa karibu 250 walikataliwa mara moja tu. Baadaye aliandikia sehemu hizo akiuliza kama zingepokea Wachina, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Yawezekana aliyejibu barua siye aliyekuwa mapokezini; hata hivyo, tafiti zilizofuata nazo zilionyesha kwamba msimamo wa mtu, ukichukuliwa peke yake, ni kipimo dhaifu cha atakachofanya. Mtu hutazama pia watu wa kwao watasema nini, na kama jambo lenyewe analiweza.

Walikale ina ushahidi mkali zaidi. Mwaka 2020 kundi lenye silaha la NDC-R la Guidon Shimiray lilikuwa likipigana na APCLS, lenye Wahunde wengi, na makundi ya Nyatura ya Wahutu, kugombea vijiji vya Masisi, pamoja na kodi za vijiji hivyo. Mei 2022 wakuu wa makundi hayohayo walikaa pamoja huko Pinga, Walikale, na kuahidiana kutoshambuliana. Baadaye wote wakaitwa Wazalendo, washirika wa jeshi la serikali. Hakuna aliyeanza kumpenda mwenzake katika muda huo. Waasi wa M23 walikuwa wamerudi vitani, jeshi hilo lilihitaji msaada, na hesabu ya kila kamanda ikageuka. Kama chuki ingekuwa ndiyo injini, mkutano wa Pinga usingewezekana.

Kosa la pili ni la kihistoria. Kuanzia 1937 utawala wa Ubelgiji uliwahamisha Wanyarwanda, Wahutu na Watutsi, kwa mpango rasmi hadi Masisi ili wafanye kazi katika mashamba ya walowezi, na ukawapa uchifu wao wa Gishari juu ya ardhi ya Wahunde. Uchifu huo ulifutwa 1957, lakini watu walibaki. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwapa wengi wao uraia kwa jumla. 1981 sheria nyingine ikawanyang'anya. Katikati hapo, sheria ya 1973 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na wenye fedha na marafiki Kinshasa wakajipatia malisho makubwa ya ng'ombe huku wakulima wa kila kabila wakisukumwa pembeni. Sensa ya kutambua raia ya 1991 ikaongeza swali jingine: katika uchaguzi uliotarajiwa, nani atahesabiwa na nani atatawala? Viongozi wa jimbo walilijibu kwa hotuba za uchochezi. Machi 1993 mauaji yakaanza kwenye soko la Ntoto, Walikale, mahali ambapo watu wa makabila hayo walikuwa wakiuziana mazao, na yakasambaa Masisi.

Chuki ipo, na aliyezika watoto wake hahitaji kuambiwa kwamba ni njozi. Lakini mara nyingi huja baada ya tendo. Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1957 kwamba mtu ambaye matendo yake yanapingana na dhamiri yake hubadilisha imani ili apate utulivu. Anayelima shamba la jirani aliyefukuzwa anahitaji sababu ya kulala usingizi, na sababu iliyo karibu ni kwamba jirani huyo alikuwa mgeni, au mchawi, au jasusi.

Semina nazo zimepimwa, angalau dada zao wa redioni. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichunguza mchezo wa redio nchini Rwanda, Musekeweya, na mwaka 2009 akaripoti kwamba imani binafsi za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona desturi ya jamii, na jinsi walivyoshirikiana. Mashariki mwa Kongo matokeo yalikuwa machungu. Wasikilizaji waliopewa kipindi cha redio cha kuwahimiza kujadili migogoro, kwa mujibu wa ripoti yake ya 2010, walizungumza zaidi, wakakumbuka malalamiko zaidi, wakavumiliana kidogo kuliko wasiokipata na wakawa na utayari mdogo wa kumsaidia wasiyempenda. Kuwaketisha watu waongelee vidonda vyao huku shamba likiwa bado mikononi mwa mwingine si tiba.

Anayetaka kijana wa Nyabiondo, Masisi, aache bunduki aanze na yale yanayoamua uamuzi wake: nani anamlinda, nani anamtoza lala salama, yaani kodi ya ulinzi ya makundi yenye silaha, shamba la baba yake ni la nani kisheria. Hili la mwisho halihitaji kubadilisha moyo wa yeyote. Kifungu cha 389 cha sheria ya ardhi ya 1973 kiliahidi kwamba haki za wanaoishi kwenye ardhi ya kimila zingepangwa kwa amri ya Rais. Miaka 50 baadaye, amri hiyo ilikuwa bado haijatolewa.