Mikwaruzo ya Kioo cha Saa

Miongoni mwa vitu ambavyo baba huwaachia wanawe, saa ya mkono ni ndogo kwa umbo, lakini huenda ikazidi thamani ya samani zote za sebuleni. Warithi huitoa kabatini, wakakiona kioo kimekwaruzika, na mnunuzi wa kwanza akawaambia kuwa saa imekwisha. Tunawaomba wasomaji wasiyapokee maneno hayo haraka, hasa ikiwa miongoni mwa warithi wamo mayatima. Kioo ni kipuri. Thamani kubwa imo katika mashine, uso na kasha. Basi kwanza na ijulikane kioo chenyewe ni cha aina gani.

Saa nyingi za zamani, hata za bei kubwa, zilifungwa kioo cha plastiki ngumu. Omega Speedmaster walizopewa wanaanga wa Marekani waliofika mwezini mwaka 1969 zilikuwa na kioo hicho, kwa sababu plastiki ikigongwa haisambaratiki vipande vipande. Hukwaruzika upesi, na hutengenezeka upesi vilevile: fundi huisugua kwa dawa ya kung’arishia, na alama zisizo na kina hutoweka. Wapo wanaotumia dawa ya meno na kitambaa laini, nayo hufaa kwa alama nyepesi. Kwenye yakuti, kufanya hivyo ni kuchosha vidole bure.

Yakuti ndiyo inayofungwa katika saa nyingi ghali za leo. Si ya kuchimbwa ardhini, bali ya kiwandani; Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuitengeneza mwaka 1902. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, almasi ni 10, yakuti ni 9, na chembe ngumu za mchanga ni 7. Kioo cha kawaida kiko chini ya mchanga, ndiyo maana kufuta vumbi kwa mkono wa kanzu hukichora, yakuti haijali. Mara nyingi mikwaruzo inayoonekana juu yake iko katika utando mwembamba uliopakwa kupunguza mng’ao, na yakuti iliyo chini yake ni salama.

Hata hivyo, kitu kigumu si lazima kiwe kigumu kuvunjika. Mtu huvua saa kabla ya kutawadha, akaiweka ukingoni mwa birika la saruji. Mtoto akaipitia kwa kiwiko, ikaangukia vigae. Yakuti haiachi mkwaruzo hapo, humeguka pembeni. Pengo hilo dogo kama punje ya mchele ndilo tunaloliogopa sisi, wala si mistari kumi katikati ya kioo. Mstari huudhi jicho tu. Pengo la ukingoni, penye mpira wa kuzuia maji, laweza kupitisha unyevu, na unyevu huozesha uso na kutia kutu mashine, vitu ambavyo badili yake ni ghali mno.

Mwenye saa ya namna hiyo asiivae penye maji hadi kioo kibadilishwe. Amuulize fundi bei kabla haijafunguliwa, akidai kurudishiwa kioo cha zamani, kisha saa ipimwe kama inazuia maji. Na warithi waithaminishe kwa mafundi wawili, kila mmoja peke yake, wala wasimwachie mnunuzi kazi hiyo.